Boksi la Umeme Nalo Hupumua

Masika yakianza hapa Tanga, simu zangu hubadilika saa. Wakati wa jua kali wateja hunipigia jioni: feni imegoma, friji haipoi. Masika hunipigia alfajiri, na malalamiko yao karibu yote yana sura moja. Umeme umekatika usiku, ukipandisha swichi inashuka tena, lakini ikifika saa nne asubuhi, jua likishashika, kila kitu kinatulia chenyewe bila fundi kugusa chochote.

Kwa shida ya namna hiyo niliitwa na mzee mmoja wa Sahare.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba hii ina mambo yake," alisema, na kwa sauti aliyoitumia nilijua fundi umeme sikuwa mtu wa kwanza kuitwa.

"Kabla hatujafika huko, nioneshe boksi la pampu."

Lilikuwa boksi la chuma la rangi ya kijivu, kimo sentimita 40, upana 30, kina 20, limefungwa kwenye ukuta wa magharibi usio na upenu. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameliziba kwa bidii: silikoni pande zote nne za mlango, utepe mweusi juu ya silikoni, na saruji nyeupe kuzunguka paipu ya nyaya inayoingilia chini. Nilizima meni swichi, nikahakikisha kwa testa kwamba hakuna moto, nikachana silikoni kwa kisu. Mlango ulipoachia, maji yalimwagikia ndara zangu. Hayakuwa matone, kilikuwa kikombe cha chai kizima.

Ndani palikuwa na mengi ya kusoma. Paa la ndani la boksi lilijaa matone yaliyopangana, na tone likishakuwa zito lilidondokea kontakta, ile swichi inayoiwasha pampu, pale pale kwenye skrubu ya kati. Skrubu zote zilivaa unga wa kijani, ule unaoota kwenye shaba ikikaa na maji. Waya mmoja ulikuwa umeliwa hadi ukabaki nyuzi chache. Kwenye kona ya chini alilala mjusi aliyekauka, aliyepanda kupitia ndani ya ile paipu inayotoka kisimani. Na boksi zima lilinuka siki. Harufu hiyo nitairudia.

Mzee aliinama akachungulia. "Mwanangu, siku linazibwa nilikuwa nimesimama hapa hapa. Mvua haina pa kupita. Maji haya yametoka wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia kwa mafundi wenzangu, ambao wakikuta boksi lenye maji huongeza silikoni.

Hewa ya pwani hubeba maji tusiyoyaona. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kushika takriban gramu 30 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 20, uwezo wake hushuka hadi gramu 17 hivi. Zile zilizozidi lazima zitue mahali, nazo hutua juu ya kitu cha baridi kilicho karibu. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hutoka jasho mezani kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna anayedai kwamba chupa imevuja. Hapa kwetu hata baridi kali haihitajiki. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha matone ikipoa hadi nyuzi 26 tu. Usiku usio na mawingu, bati la boksi linalotazama anga hupoteza joto na kuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Ndiyo maana matone huanzia kwenye paa la ndani, na ndiyo maana shida huja usiku wa manane hata kama mvua haijanyesha.

Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu. Boksi la mzee lina ujazo wa lita 24. Hewa ya kwetu iliyofungiwa humo ina mvuke usiofika gramu 0.6, yaani matone kumi na kitu. Hata yote yakitua kwa mara moja huwezi kupata kikombe cha chai. Boksi lililozibwa kweli kweli, lisilopitisha chochote, lisingetusumbua. Tabu ni kwamba boksi la namna hiyo halipo kwenye ukuta wa mtu yeyote ninayemjua.

Jua la saa tisa alasiri likilipiga bati la ukuta wa magharibi, hewa ya ndani hufika nyuzi 55 bila shida. Hewa ikipata joto hutanuka. Kutoka nyuzi 27 hadi 55 hutanuka kwa zaidi ya asilimia 9, na kwa boksi la lita 24 hizo ni lita mbili na ushee zinazotafuta pa kutokea. Hupapata: pembeni mwa mpira wa mlango, kwenye uzi wa skrubu, mahali silikoni ilipoachana na rangi. Kisha mvua ya ghafla inashuka. Bati linapoa kwa dakika chache, hewa iliyobaki inanywea, na boksi linavuta pumzi. Linavuta kile kilichopo kwenye upenyo wake, na wakati huo kilichopo ni maji ya mvua yaliyotuama kwenye ukingo wa mlango. Kama boksi limebana vizuri, mvuto huo unaweza kukaribia nguvu ya kupandisha maji kwenye mrija kwa kimo cha sentimita 90. Ufa wa unene wa unywele unalitosha kabisa.

Yakishaingia, hayatoki. Mchana hugeuka mvuke, usiku hugeuka matone, kesho yake jua linatanua tena na mvua inavuta tena. Kadiri boksi linavyobanwa ndivyo linavyonyonya kwa nguvu pale linapopata upenyo, na ndivyo linavyoyashika maji yake. Silikoni ya yule fundi haikulinda pampu ya mzee. Ilijenga tangi dogo la maji kuizunguka.

Njia nyingine ilikuwa ile paipu. Hewa iliyo ndani ya paipu inayotoka ardhini, hasa inayotoka kisimani, karibu siku zote imeshiba mvuke. Boksi likipata joto, hewa hupanda kupitia humo kama kwenye dohani. Saruji ilipakwa kwa nje, kuzunguka paipu, mahali pasipo na kosa; ndani ya paipu, katikati ya nyaya, pakaachwa wazi. Mjusi aliligundua hilo kabla yangu.

Maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini huuza maboksi ya nje kwa neno moja, "haliingii maji". Muombe muuzaji akuoneshe herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Tarakimu ya kwanza, kuanzia 0 hadi 6, inahusu vumbi na vitu vigumu kama kidole au waya. Ya pili inahusu maji. IP44 huvumilia maji ya kurukia kutoka pande zote. IP65 haipitishi vumbi na huvumilia maji ya mpira wa bomba. IP67 huvumilia kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Ni vipimo vya kimataifa na ni vya kweli, ila vinapima kitu kimoja tu. Ili boksi lipate ile 5 ya mwisho, hurushiwa maji lita 12.5 kwa dakika kupitia mdomo wa milimita 6.3, kwa dakika chache, na joto la maji hayo halitakiwi kutofautiana na joto la boksi kwa zaidi ya nyuzi 5. Yaani maabara kwa makusudi haifanyi kile ambacho masika ya Tanga hufanya kila wiki, kumwagia maji baridi boksi lililochomwa na jua. Mvuke nao haupimwi kabisa. Na hata sifa hiyo inabaki ni ya boksi lililofika dukani likiwa zima. Fundi akishatoboa tundu la milimita 25 na kupitisha nyaya mbili za milimita 10, ile IP65 imebaki kwenye karatasi.

Halafu kuna chumvi, na hapa watu wa bara wana nafuu kuliko sisi. Upepo wa kusi huleta chembe za maji ya bahari zinazokauka juu ya kila kitu, hata ndani ya boksi. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini chumvi ya kawaida ina tabia yake: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, inavuta mvuke na kuyeyuka yenyewe, bila tone la mvua wala umande. Usiku wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kuvuka asilimia 75 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo vumbi jeupe usilolijali mchana linakuwa utando wa maji ya chumvi usiku, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Umeme huanza kutambaa juu ya plastiki kutoka skrubu moja hadi nyingine, kidogo kidogo, ukiacha michirizi myeusi. Ile swichi ya usalama, RCD, nyingi zikiwa za miliampia 30, inahisi umeme unapotelea ardhini na kushuka. Saa nne asubuhi utando umekauka, swichi inakaa, na mwenye nyumba anaona mazingaombwe.

Nilipima nyaya za pampu ya yule mzee kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha umeme. Asubuhi ile sindano ililala karibu na sifuri. Nilipanguza, nikaacha mlango wazi, mzee akaniletea chai na mihogo, na alasiri mega ikasoma juu ya megaohm 50. Kiwango kinachokubalika hakipaswi kuwa chini ya megaohm 1. Ukiacha ule waya mmoja ulioliwa, nyaya zilikuwa nzima muda wote. Kilichoumwa ni boksi.

Sasa tiba. Nitaanza na lile ambalo wateja hulipinga zaidi, kwa sababu ndilo lenye faida kuliko yote: boksi la nje liwe na tundu chini.

"Fundi, nimenunua boksi lisiloingia maji, halafu wewe unalitoboa?" Huyo alikuwa dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone, na alisimama mbele ya boksi kabisa, asinipe nafasi.

Nilimweleza hivi. Maji yataingia, au yatazaliwa humo humo. Yakikosa pa kutokea yatapanda hadi yafike kwenye nyaya. Tundu la milimita 5 au 6 kwenye kona ya chini kabisa linayatoa, na wakati huo huo linalipa boksi pua yake. Likitanuka litapumulia hapo, likinywea litavuta hewa hapo, mahali pakavu palipo chini, badala ya kunyonya maji ya ukingoni mwa mlango. Ni sharti liwe chini, kwa sababu mvua haipandi. Liwekewe wavu mdogo wa chuma kisichoshika kutu, maana nyigu wa hapa huziba tundu kwa udongo kabla mwezi haujaisha, na sisimizi hawahitaji mwaliko. Litobolewe umeme ukiwa umezimwa, na mahali ambapo waya ukichomekwa kutoka nje hautagusa sehemu yenye moto. Maboksi mengi ya plastiki huja na alama zilizopunguzwa unene kwa kazi hiyo hiyo; mtengenezaji mwenyewe anajua.

Kwa asiyetaka tundu wazi kipo kizibo kinachopumua. Kwa nje kinafanana na nati ya plastiki, lakini ndani kina utando mweupe unaopitisha hewa na mvuke na kuzuia maji. Utando huo ni wa plastiki ile ile ya utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia kwenye koki. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alichukua fimbo ya plastiki hiyo ikiwa ya moto na, badala ya kuivuta taratibu kama wote walivyofanya, akaivuta kwa ghafla. Ikarefuka mara nyingi na kujaa vitundu vidogo mno, visivyopitisha tone la maji ila vinavyopitisha mvuke. Makoti ya mvua yalifuata, na baadaye vizibo vya maboksi ya umeme. Tanga madukani sivioni mara kwa mara, huwa naagiza Dar es Salaam, na kwa boksi lenye vifaa vya bei kubwa navipendelea kuliko tundu tupu. Kwa boksi la taa mbili za uani, tundu na wavu vinatosha.

Baada ya kutobolewa lile la Raskazone, dada alitaka kujua kama basi silikoni haina kazi. Inayo, ila si mlangoni. Mlango una mpira wake. Ukikauka au kupasuka unabadilishwa, haupakwi. Na silikoni yenyewe ina aina. Ile ya bei nafuu inayonuka siki inanuka hivyo kwa sababu inapokauka hutoa tindikali ya siki, na tindikali hiyo ikifungiwa ndani ya boksi hula shaba. Ule unga wa kijani kwa mzee wa Sahare, sehemu yake ilitokana na dawa aliyopewa mgonjwa. Muulize muuzaji ile isiyonuka siki. Ukiwa na wasiwasi, fungua mfuniko unuse hapo hapo dukani. Pua inatosha kuliko maelezo ya kwenye chupa.

Mahali pa kuzibwa ni ndani ya paipu. Nyaya zikishapita, mdomo wa paipu unaoingia kwenye boksi ujazwe puti laini isiyokauka, ikae katikati ya nyaya pia, si kuzizunguka tu. Saruji haifai: inapasuka, na siku ya kubadilisha waya utavunja kila kitu.

Nyaya ziingilie chini. Nimeona maboksi yaliyotobolewa juu kwa sababu waya ulitokea darini na fundi hakutaka kuupindisha. Tundu la juu ni mdomo uliofunguliwa mvua. Hata la ubavuni silipendi. Waya ukitoka juu, uteremshwe ubavuni mwa boksi, upite chini ya usawa wake, upinde na kupanda ndani, ili maji yanayoufuata yadondoke kwenye ule mpindo. Kila waya uwe na glandi yake, yaani kile kibanio cha kwenye tundu la boksi, na glandi ilingane na waya. Glandi hubana duara. Ukiipitishia ule waya bapa wa nyumbani, pembeni hubaki mianya miwili ambayo hata ukibana kwa spana haizibiki. Nyaya mbili ndani ya glandi moja ni hivyo hivyo. Kati ya kasoro zote ninazokuta nje ya nyumba za watu, hii ya glandi ndiyo ya rahisi zaidi kuepuka na ndiyo inayorudiwa zaidi, na sioni sababu yoyote isipokuwa uvivu.

Mahali pa kulifunga boksi nako kuna hesabu. Tupo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua linalochoma kuta zetu zaidi ni la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Ukuta wa magharibi ni mbaya kuliko yote, kwa kuwa boksi linafikia joto lake la juu kabisa saa zile ambazo mvua ya jioni inaweza kushuka. Lihamishie chini ya upenu. Kama hakuna upenu, litengenezee kibati chake kilichoinama mbele na kuzidi kingo zake kwa kiganja kizima. Kivuli hicho kinapunguza ile pumzi kuliko dawa yoyote ya kupaka. Rangi nyeupe nayo husaidia. Na lisigandamane na ukuta. Nyumba za zamani za mawe na chokaa hapa mjini hufyonza maji kutoka ardhini, na ukuta unaotoa chumvi hulitia boksi unyevu mgongoni usiku na mchana. Vipande vya plastiki vya unene wa kidole nyuma ya kila skrubu vinaliacha lipate upepo.

Kuhusu chuma: karibu na bahari nimeacha kufunga maboksi ya bati lililopakwa rangi. Plastiki ngumu iliyotengenezwa kuvumilia jua hudumu zaidi na haipoi haraka usiku. Ikilazimu chuma kisichoshika kutu, omba daraja la 316. La 304, ambalo ni la bei ya chini, huota madoa ya kutu mbele ya upepo wa chumvi.

Wenyeji wa Lushoto wasicheke. Huko milimani hakuna chumvi ya bahari, ila ukungu unakaa hadi saa tatu asubuhi na usiku joto hushuka kuliko tunavyopata huku chini hata mwezi wa saba. Nilipofanya kazi kwenye shamba moja la mboga, boksi la pampu ya umwagiliaji lilikuwa limelowa ndani kila asubuhi, mvua au kiangazi. Hapo tundu la chini halikutosha, nikafunga hita.

Hita ya boksi ni kitu kidogo, wati 10 hadi 20 kwa boksi la kawaida, na kazi yake si kulikausha kama nguo. Inalifanya liwe na joto kidogo kuliko hewa ya nje, nyuzi chache tu, na hizo zinatosha matone yasitue. Ikiwaka saa 24, ya wati 20 inakula karibu nusu uniti kwa siku. Ikiwa na kidhibiti kinachoiwasha unyevu ukizidi, inakula chini ya hapo. Kwa taa za bustani ni anasa. Kwa boksi lenye kifaa cha kuendeshea mota, ambacho bei yake inazidi ya pampu yenyewe, ni bima ya bei rahisi. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii: boksi linalofanya kazi kutwa hujipasha joto lenyewe kwa vifaa vyake na huwa kavu. Linaloharibika upesi ni la nyumba iliyofungwa, ambayo mwenyewe yuko Muscat au Dar es Salaam na huwasha pampu akija Idi.

Vile vipakiti vya punje za silika jeli, ambavyo watu hutunza kutoka kwenye maboksi ya viatu, vina kikomo chake. Punje hizo hushika maji kama theluthi ya uzito wao, basi. Kwenye boksi linalopumua hushiba mapema na kubaki mapambo. Kwenye transfoma kubwa utaona chupa ya kioo yenye punje za rangi kando ya tangi la mafuta. Hewa inayovutwa na transfoma hupitia humo, na zikibadilika rangi mafundi huzibadilisha. Huo ndio mtindo wake sahihi, kukaa njiani na kuangaliwa. Kuna mteja aliyeweka mchele ndani ya kitambaa. Panya walishukuru.

Yule mzee wa Sahare tulimfungia boksi jingine upande wa kaskazini chini ya baraza, la plastiki, tundu chini, puti ndani ya paipu. Swichi yake ya alfajiri imetulia.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kuliandika kwa upole. Nimekuta nyumba, na msikiti mmoja wenye pampu ya maji ya udhu, ambako fundi aliyeitwa kwa shida hii "aliitatua" kwa kuipita RCD, yaani kuunganisha waya moja kwa moja ili swichi isishuke tena usiku. Swichi kweli haikushuka. Lakini maji yalikuwa bado yamo, umeme ulikuwa bado unavuja, na watu walikuwa wanafungua koki wakiwa pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Swichi ile inaposhuka alfajiri inafanya kazi uliyoinunulia. Fundi akikuambia kwamba dawa ni kuiondoa, mlipe nauli yake na umsindikize hadi getini.

Usifungue boksi mvua ikinyesha, wala ukiwa umesimama kwenye maji, hata kama unadhani umezima. Boksi la mita ya LUKU na vyote vilivyo juu ya nguzo ni mali ya TANESCO. Lakiri yake haikatwi na mimi wala na wewe, hata ukiona matone nyuma ya kioo. Toa taarifa. Ila boksi lako mwenyewe, la pampu, la geti, la taa za uani, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA mwezi wa pili, kabla masika hayajaingia, umwambie afungue mlango ukiwa umesimama hapo, na uangalie paa la ndani.